Pumzi za Mama Lugano

Mara ya kwanza Ambakisye Mwasomola alipomwona Mama Lugano akipuliza bomba, alidhani anafanya makusudi. Mwanamke mrefu vile, mwenye mabega ya mtu aliyebeba magunia ya viazi ujana wake wote, alivuta hewa mpaka kifua kikajaa, akabana midomo kwenye kile kibomba cheupe, akapuliza. Kilichotoka ni sauti nyembamba, kama mpira uliotoboka taratibu.

"Tena," akasema Daktari Mshana. "Puliza, puliza, usiache, usiache, usiache!"

Kioo cha mashine kikaandika hamsini na nane.

"Hamsini na nane ya nini?" Ambakisye akauliza. Alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Ya mia," daktari akasema bila kugeuka. "Mwanamke mzima wa umri wake na kimo chake anatakiwa atoe mia katika sekunde ya kwanza. Mwezi wa pili alitoa tisini na moja. Keti."

Ambakisye hakuketi. Mama Lugano alijifuta midomo kwa upindo wa khanga, akatazama dirishani. Damu ya Ambakisye ilikuwa imekaa mwilini mwake mwaka mmoja na nusu, na katika muda wote huo wawili hawa walikuwa wamekutana mara mbili tu, zote mbele ya wakili.

Miaka sita nyuma Ambakisye alikuwa dereva wa lori la chai. Malori yalikuwa yakijiendesha yenyewe kwenye miteremko, na kazi ya dereva ilikuwa kukaa macho tu. Siku hiyo Ambakisye alikuwa amelewa. Mwendo wa mashine akauona wa kitoto, akauzima usukani wake, akashika mwenyewe. Kwenye kona ya Ilundo akamgonga kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akisukuma baiskeli kupanda kilima. Kijana huyo alikuwa Lugano. Ambakisye akahukumiwa miaka ishirini katika Gereza la Mbalala.

Mwaka wa nne wa kifungo chake, mama wa marehemu akapatwa na saratani ya damu. Daftari la taifa la wachangiaji wa uboho wa mifupa likapekuliwa, na mtu pekee ambaye seli zake zilikubaliana na za mama huyo alikuwa ndani, anashona mikeka. Sheria ya siku hizo ilikuwa fupi: mfungwa akimpa mtu uboho anaachiwa, na atabaki nje muda wote seli zake zitakapokuwa hai ndani ya mwili ule. Kidude kidogo kilichopachikwa chini ya mtulinga wa mgonjwa kilisoma damu kila saa na kupeleka habari magereza. Seli zikifa, au aliyezibeba akifa, mfungwa anarudi kumalizia pale alipoachia. Mitaani waliwaita wafungwa wa damu. Mama Lugano alikataa mara tatu. Mara ya nne binti yake, Bupe, alipiga magoti mbele ya kitanda, naye akakubali.

"Nimetafuta mdudu," Daktari Mshana alikuwa akisema. "Nimeingiza kamera mpaka chini kabisa. Nimepima kifua kikuu, fangasi, kila kirusi ninachokijua. Hakuna. Hajaambukizwa kitu. Mapafu yake yanapigwa na damu yake mwenyewe. Yaani yako."

"Yangu?"

"Seli zako ndizo zinazomtengenezea damu. Kinga iliyomo ni yako. Imeishi humo mwaka na nusu, na bado ikifika kwenye vijia vidogo vya hewa inamwona mgeni, inampiga. Panapopigwa panaota kovu, na kovu linabana. Hewa inaingia. Kutoka haitoki."

"Si mmpe dawa?"

"Za kuvuta, za kumeza, za mshipa. Zote nimempa. Kimebaki kizimio."

Hilo neno Ambakisye alilijua. Siku ya kutolewa uboho walimweleza kwamba kila seli yake imetiwa kufuli maabara, na kwamba sindano moja inaweza kuziua zote kwa siku nne. Zamani kumchoma mtu kizimio kulikuwa sawa na kumwua, kwa sababu bila damu mtu haishi. Sasa maabara ilikuwa imejifunza kumkuzia mgonjwa seli zake mwenyewe kutoka kwenye ngozi ya paja. Za Mama Lugano zilikuwa tayari kwenye friji, zina wiki mbili.

"Kwa hiyo mimi sihitajiki tena," akasema.

"Wewe huhitajiki. Sahihi yako ndiyo inahitajika."

Sheria iliandikwa hivyo kumlinda mfungwa, asije akarudishwa ndani kwa hila ya mtu anayemchukia. Bila mkono wake kizimio hakitoki kwenye kabati.

"Kovu lililokwisha kuota halirudi kuwa nyama," daktari akaendelea. "Kizimio kinazuia linalokuja tu. Ukisaini leo, atabaki na hamsini na nane. Atalima, atapanda ngazi."

"Na nisiposaini?"

"Wapo wanaosimama wenyewe. Mmoja kati ya watatu. Ugonjwa unachoka, hatujui kwa nini. Waliobaki wanashuka."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho," akasema Mama Lugano mwenyewe.

Miaka kumi na sita, Ambakisye aliwaza. Alitazama karatasi juu ya meza na kalamu iliyolazwa juu yake, imefunguliwa tayari.

"Mke wangu ana mimba ya miezi sita," akasema. "Nipeni miezi mitatu. Mtoto azaliwe, nimwone, nimpe jina. Nitasaini. Naapa."

"Mimi sina miezi ya kukupa," Daktari Mshana akasema. "Hiyo unayoomba inatoka kwenye kifua chake."

Mama Lugano alishika meza, akainuka. Ilimchukua muda.

"Mwanangu hakupewa hata dakika tatu," akasema, akatoka.

*

Sekela, mke wa Ambakisye, alifanya kazi kwenye kitalu cha miche ya chai. Alimsikiliza mumewe huku akijaza udongo kwenye vifuko, na hakuinua kichwa mpaka alipomaliza safu nzima.

"Mmoja kati ya watatu siyo kidogo," akasema.

"Wawili wanakufa, Sekela."

"Nimesikia. Nakwambia huyo mmoja siyo kidogo." Alipangusa mikono kwenye gauni. "Miaka kumi na sita, mume wangu. Mtoto atakuja kukusalimia shikamoo kama anavyomsalimia mgeni. Na mimi nitakuwa nani? Nitakuwa nabeba chakula kwenye ndoo Jumapili hadi Jumapili mpaka nizeeke."

"Namjua yule mama. Najua anavyotembea. Namsikia akihema."

"Mwanawe hukumwua kwa kupenda."

"Yule sikupenda. Huyu nikimwua, nitakuwa nimependa."

Sekela alichukua kifuko kingine, akakifungua kwa kukipuliza, kisha akaona alichofanya, akakiweka chini.

"Basi usimwue," akasema. "Subiri tu. Nani amekwambia umwue? Subiri mtoto atoke."

Kusubiri. Ambakisye alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Mtu anayesubiri hajafanya kitu. Usiku na mchana alijirudia hivyo, na baada ya siku chache aliweza kula.

*

Kwa mujibu wa sheria, kipimo cha Mama Lugano kilitumwa kwenye simu ya Ambakisye kila wiki ya pili. Kilikuja hamsini na nne. Kikaja hamsini na moja. Halafu kikaja tena hamsini na moja.

Aliisoma namba hiyo mara nne akiwa chini ya mashine ya kuchumia chai, maana alikuwa fundi kwenye karakana ya mashine hizo. Imesimama! Alitoka huku uso umejaa grisi, akanunua kilo mbili za nyama. Jumapili kanisani, mchungaji alipouliza nani ana ushuhuda, Ambakisye alisimama akasema Mungu amemtendea jambo kubwa, hawezi kulieleza, watu wamsaidie tu kushukuru. Waumini wakapiga makofi na vigelegele. Sekela, tumbo mbele, alilia.

Siku ya Jumatano Mama Lugano akaja karakana.

Walimwona akiwa bado mbali, chini kwenye mteremko. Alipiga hatua kumi, akasimama, mkono kwenye tuta la kando ya barabara. Akapiga nyingine, akasimama. Mafundi walizima mashine mmoja mmoja, na katika kile kimya wakaanza kumsikia. Alisimama mara sita kabla hajafika. Bupe, aliyekuwa nyuma yake, hakumshika mkono, ilionekana amekatazwa.

"Shikamoo, mama," Ambakisye akasema.

Hakujibu. Hakuwa na hewa ya kujibia. Ambakisye alileta kiti, Mama Lugano akaketi, mabega yakipanda na kushuka, shingo imekakamaa. Kila mtu alimngoja.

"Niite," akasema mwishowe, "kama watu... wanavyoniita."

Ambakisye alikuwa hajawahi. Tangu mahakamani alikuwa akimwita mama tu, akaishia hapo.

"Mama Lugano," akasema.

"Tena."

"Mama Lugano."

"Haya. Umepata kipimo. Hamsini na moja mara mbili."

"Nimepata, Mama Lugano. Imesimama. Daktari alisema wapo ambao..."

"Ulifurahi."

"Ndiyo. Nilifurahi."

"Na mimi nilifurahi. Siku mbili." Alivuta hewa, ikapiga mluzi kooni. "Jana nimeinama kufunga viatu... nikashindwa kuinuka. Leo asubuhi nimepuliza. Arobaini na saba. Utatumiwa."

Fundi mmoja alikohoa, akaenda nje.

"Mama Lugano, imebaki mwezi mmoja na siku kidogo. Mke wangu..."

"Sikuja kukuomba," akamkatiza. "Nimekuja unione ninavyopanda. Usije ukasema hukujua."

Alikaa kwenye kile kiti mpaka pumzi ikamrudia kiasi. Robo saa nzima, na katika robo saa hiyo hakuna aliyethubutu kuwasha kitu. Kisha aliondoka na binti yake, na kushuka kwenyewe kulimtesa karibu sawa na kupanda.

Siku ile Ambakisye angeweza kwenda. Hospitali ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, na msimamizi alishamwambia, "Nenda, ndugu yangu, mashine hii nitamaliza mimi." Alinawa mikono kwa sabuni ya unga. Akavua ovaroli, akaitundika. Alifika mpaka getini. Kisha akarudi, akaivaa tena, akalala chini ya mashine na kufunga skrubu alizokuwa amezifungua. Wenzake kuanzia siku hiyo waliacha kula naye.

*

Mtoto alizaliwa Jumamosi, wa kike, wakamwita Tumpe. Alikuwa na nywele nyingi, na alilia kwa sauti iliyowafanya wakunga wacheke. Ambakisye alimpakata, akanusa utosi wake, akajiambia: sasa basi, kesho kutwa.

Jumatatu, akifua nepi nyuma ya nyumba, simu ikalia. Arobaini na moja.

"Nenda," akajisemea. Sekela alikuwa mlangoni, ameshonwa nyuzi, anatembea kwa kushika ukuta. Aliuona uso wa mumewe.

"Kitovu hakijadondoka," akasema. "Utaniacha na mtoto ambaye hata kitovu hakijadondoka? Nani atanichemshia maji?"

Kitovu kilidondoka siku ya tisa. Ambakisye alikifukia mwenyewe chini ya mgomba, akavaa shati jeupe, akaaga. Sekela alikataa kupeana naye mkono. Mtoto alikuwa amelala.

Daktari Mshana alimsikiliza akiwa amesimama ukumbini, faili kifuani.

"Nimekuja kusaini," Ambakisye akasema.

"Sahihi yako haina kazi tena."

"Nimekuja kwa hiari yangu, daktari. Niko tayari."

"Njoo huku." Alimwingiza kwenye chumba cha vipimo, akamfungulia mashine. Mstari ulishuka kutoka kushoto kwenda kulia, na mwisho wake palikuwa na thelathini na nne. "Ukichoma kizimio, mgonjwa anakaa siku kumi hana damu ya maana. Mafua ya kawaida yanaweza kumwua. Kuzivuka siku hizo anahitaji mapafu ya arobaini au zaidi. Chini ya hapo namwua mimi kwa mkono wangu."

"Ilishuka lini chini ya arobaini?"

"Kwa nini unataka kujua?"

"Niambie tu."

"Jumanne ya wiki iliyopita."

Ambakisye alihesabu. Jumatatu alikuwa nyuma ya nyumba, mikono kwenye povu. Alitafuta mahali pa kukaa, akakosa, akaegemea ukuta.

"Kwa hiyo nabaki nje," akasema.

"Unabaki nje muda wote atakaoweza kupumua," daktari akasema. "Hongera kwa mtoto."

Hakukuwa na kejeli katika sauti yake. Alichukua ile karatasi yenye nafasi ya sahihi, akaikunja, akaitia kwenye pipa la takataka.

*

Kuanzia hapo Ambakisye alikwenda kwa Mama Lugano kila siku. Siku ya kwanza Bupe alimfungia mlango. Siku ya tano umeme ulikatika, mashine iliyomchujia Mama Lugano oksijeni ikazimika, na yeye ndiye aliyekimbia na betri ya trekta mgongoni kutoka karakana. Bupe akamwacha aingie. Alijenga ngazi za mbao ili mgonjwa asipande kizingiti. Alibadilisha mabomba, alichota maji, alimwinua na kumwegemeza kwenye mito, kwa sababu kulala chali alikuwa hawezi tena. Alijifunza kumpigapiga mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa.

Kipimo kilikuwa ishirini na sita. Mama Lugano alikonda mpaka kile kidude chini ya mtulinga kikaonekana kama kokoto chini ya ngozi.

"Ambakisye," akamwita siku moja mchana. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina lake. "Unaniuguza mimi... au unaiuguza ruhusa yako?"

Alikuwa akimpoozea uji. Kijiko kikasimama.

"Sijui, Mama Lugano."

"Mimi najua."

Akanywa vijiko viwili, akageuza uso.

"Mke wangu anasema mtu yeyote angefanya vile," Ambakisye akasema polepole. "Mtu yeyote mwenye mtoto njiani."

"Mkeo anakudanganya." Alipumzika. Hewa ikaingia, ikakataa kutoka. "Mimi ningesaini... siku ile ile. Kalamu ilikuwa wazi. Usiende na uongo huo kwamba wote... tungefanya kama wewe."

Wiki iliyofuata Daktari Mshana alikuja na gari la wagonjwa. Alitaka kumlaza na kumwekea mashine kubwa ya kupumulia, ya kuingiza bomba kooni. Kwa mashine hiyo, alisema, mtu anaweza kwenda miezi minane, pengine mwaka. Hatazungumza, hatakula kwa mdomo, lakini atakuwepo. Mama Lugano alitikisa kichwa. Bupe alilia, na safari hii kupiga magoti hakukusaidia.

Ambakisye aliposikia, alitupa spana akaja mbio. Alimkuta ameketi kitandani, ameinamia mto mapajani, midomo imekuwa ya rangi ya zambarau.

"Mwaka mmoja, Mama Lugano," akasema. Alikuwa ameshaanguka chini bila kujua. "Wanakupa mwaka mzima! Kubali. Nitakuwa hapa kila siku, nitakuogesha, nitakugeuza, Bupe asiguse kitu. Tafadhali. Mtoto hajaanza hata kukaa."

Bupe alimtazama baba huyo aliyelala sakafuni, akatoka nje akafunga mlango.

Mama Lugano alikusanya hewa kwa muda mrefu. Ilipotosha, akaitumia.

"Wewe uliomba miezi mitatu," akasema. "Ukaichukua. Mimi sikuombi kitu."

*

Walikuja siku ya Ijumaa, saa sita mchana, wanaume wawili waliovaa sare za magereza, mmoja kijana, mwingine karibu kustaafu. Ambakisye alikuwa nyumbani. Alikuwa amemweka Tumpe kwenye beseni la plastiki akimwogesha, Sekela akiwa kitaluni.

"Ambakisye Mwasomola?"

"Ndiye mimi."

"Ruhusa yako imekwisha saa nne na dakika kumi leo asubuhi," mzee akasoma kwenye kioo mkononi. "Seli zimesomeka haziko hai. Unatakiwa Mbalala kabla ya saa kumi na mbili."

Ambakisye alimwinua mtoto kutoka majini, akamfunga taulo. Asubuhi hiyo alikuwa amemwacha Mama Lugano saa mbili. Alikuwa amemwegemeza upande wa dirisha kama alivyopenda, akamwambia atarudi jioni, naye akainua kidole kimoja.

"Alikuwa na mtu?" akauliza. "Saa nne. Bupe alikuwepo, au alikuwa peke yake?"

Wale wawili walitazamana.

"Nani?" akauliza yule kijana.

"Mama Lugano."

"Sisi tumeletewa namba tu," mzee akasema. Aligeuza kioo amwonyeshe. Kweli, palikuwa na namba, saa na mstari mwekundu. "Kuna mtu amefariki?"

Mtoto alianza kulia kwa baridi. Ambakisye alifungua mdomo awaeleze huyo mama ni nani, na mwanawe Lugano alikuwa nani, na ilikuwaje. Walimsubiri kwa heshima, kofia zikiwa kichwani, kisha yule mzee akatazama saa yake na kumwomba amtafutie mtoto mtu wa kumshika.